Sura ya Saba: Picha ya Tarehe Tatu

Mkuu wa upelelezi alimwambia kazi ni ndogo: apande ghorofa ya pili ya hospitali, achukue saini ya daktari mmoja kwenye hati ya mashtaka, na alirudishe faili kituoni kabla ya saa sita mchana. Pengine Mkuu alisahau anamtuma nani. Kituoni walimwita Mbishi, na jina hilo alilivaa kama cheo. Katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kufunga faili lililokuwa bado na swali ndani yake, na hili alilisoma mara mbili kabla ya kumaliza chai yake ya asubuhi, akabaki na maswali manne.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, mwenye miaka sitini na saba, alipigwa picha ya tezi dume tarehe tatu Februari, akiwa mmoja wa wanaume mia mbili walioingia kwenye utafiti wa Daktari wa picha. Daktari aliandika: picha ni safi, asichomwe sindano za kutoa vinyama. Mwezi Juni kipimo chake cha damu kikapanda tena. Profesa wa upasuaji akamchoma sindano kumi na mbili, akatoa vinyama kumi na viwili, na katika kimoja wakakuta saratani. Profesa akafungua kompyuta kutazama ile picha ya Februari, na katikati ya tezi akaona doa jeusi kubwa ambalo hata kipofu angelipapasa. Mtoto wa Mwalimu akashtaki: uzembe, na kuficha uzembe. Kamati ya nidhamu ilikuwa inakaa siku hiyohiyo saa sita. Ikimtia Daktari hatiani, leseni inachukuliwa, utafiti wa miaka minne unakufa, na chumba cha mashine kinapigwa lakiri.

Daktari alikuwa ameketi kwenye korido, nje ya mlango wa chumba hicho, kiti chake kimebana mlango sawasawa. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, amekunja mikono ya koti jeupe mpaka kwenye viwiko. Kwenye benchi mkabala naye walikaa wanaume saba wa makamo, wote wamenyamaza kama watu waliofika mapema kwenye harusi isiyo yao.

"Wewe ndiye umetumwa kunitoa?" Daktari aliuliza.

"Nimetumwa nichukue saini yako."

"Huipati."

"Basi nipe kiti."

Daktari alimtazama toka kichwani hadi viatuni. Kisha akamwonyesha kwa kidevu nafasi iliyobaki kwenye benchi, na wanaume saba wakasogea.

"Hawa ni nani?"

"Wagonjwa wa utafiti. Utafiti umesimamishwa wiki tatu sasa, lakini jana niliwapigia simu mmoja mmoja. Hawajala tangu asubuhi, wanasubiri picha. Kamati ikitaka kunifukuza, inifukuze mbele yao, iwaeleze wao kwa nini kuanzia kesho kila mmoja wao atachomwa sindano kumi na mbili mahali ambapo wengi wao hawatahitaji hata moja."

Mzee mmoja kwenye benchi alikunja miguu yake taratibu. Wenzake walimwelewa.

"Hiyo ndiyo kazi yako?" Mbishi aliuliza. "Kupunguza sindano?"

"Kazi yangu ni kutazama kabla ya kuchoma. Zamani damu ikisema kuna wasiwasi, mwanaume anachomwa tu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani kwa kupapasa. Mimi nasema washa taa kwanza. Picha ikiwa safi, mwache aende nyumbani, umfuatilie. Ikionyesha kitu, choma hapohapo penye kitu."

"Na Mwalimu? Ulisema safi."

"Ilikuwa safi. Hiyo picha iliyo kwenye faili lako sijawahi kuisoma."

Mbishi alifungua faili, akatoa karatasi moja. "Kompyuta inasema picha ya Mwalimu ya Februari iliguswa tarehe ishirini na moja Juni, na aliyeingia ni wewe. Kwa neno lako la siri. Mtu anayefuta makosa yake hufanya hivyo hasa."

Alitegemea atababaika. Daktari alicheka, kicheko kikavu, akanyoosha mkono nyuma na kusukuma mlango wa ofisi ndogo ya pembeni. Juu ya fremu ya kompyuta palikuwa na kipande cha plasta, na juu ya plasta, kwa kalamu nzito, neno la siri lote, herufi kubwa na namba zake.

"Kutoka na kuingia kwenye mfumo huu kunachukua dakika sita," alisema. "Tukiwa na wagonjwa ishirini kwa siku, hizo ni saa mbili za kutazama kioo. Kwa hiyo nafungua mimi asubuhi, na siku nzima kila mtu anafanya kazi kwa jina langu. Fundi, wauguzi, madaktari wanafunzi. Hata mfagiaji akitaka kujua saa. Ni ujinga, najua. Lakini ujinga wetu sote."

Mbishi aliandika kwenye kijitabu chake: *neno la siri, halina maana*. Swali la kwanza limekufa, na pamoja nalo ushahidi mzito kuliko wote wa mashtaka. Akainuka. "Nataka kuiona mashine." Bila kuinuka, Daktari akamwonyesha apitie ile ofisi ya pembeni.

Aliyeshika mlango wa ndani alikuwa Fundi wa mashine, bwana wa miaka hamsini na saba, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alimzuia Mbishi kwa kiganja.

"Samahani afande. Humo ndani ni sumaku, haizimwi usiku wala mchana. Chuma chochote kinaruka. Vua kila kitu, uandike kwenye daftari."

Mbishi akavua. Saa, simu, funguo, pingu, bastola ambayo Fundi aliifungia kwenye kabati, na mwisho mkanda, kwa sababu ya kifungio chake cha chuma. Suruali ikateremka kidogo. Mahojiano yote ya humo ndani aliyafanya akiwa ameikamata kiunoni kwa mkono wa kushoto, na yeyote aliyedhani hali hiyo ingempunguzia ukali hakumjua.

Daftari lilikuwa kubwa, la kurasa zenye mistari, na kila mstari ulikuwa mtu: tarehe, chuma alichoacha, saini ya kuacha, saini ya kuchukua. Mbishi aliandika vitu vyake, akatia saini. Kisha badala ya kuliacha, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa kwa kidole gumba.

"Afande, mashine iko huku," Fundi alisema.

"Naiona. Haikimbii."

Tarehe tatu Februari: *saa ya mkono, fimbo yenye ncha ya chuma*. Saini iliyofuata ilimfanya Mbishi atabasamu. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika jina lake na kulipigia mistari miwili chini, kama jibu la mwisho la swali la mtihani. Akaendelea mbele. Machi, Aprili, Mei. Tarehe kumi na tisa Juni, mstari wa mwisho wa ukurasa: *fimbo yenye ncha ya chuma*. Saini, na mistari miwili chini yake.

Akatoa orodha ya hospitali ya picha za Juni. Tarehe kumi na tisa hapakuwa na Mwalimu wala mtu yeyote wa tezi dume.

"Huyu alikuja kufanya nini hapa mwezi Juni?"

Fundi alivaa miwani, akaivua. "Fimbo za hivyo ni nyingi, afande."

"Fimbo ni nyingi. Mistari miwili je?"

"Labda alimsindikiza mtu."

"Aliyesindikiza hukaa benchi. Anayeacha chuma ni anayeingia."

Fundi alitazama mlangoni. Jasho jembamba lilimtoka puani, ingawa chumba kile kilikuwa baridi kama bucha. "Afande, nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Barua zangu zote zinapita mezani kwa mtu mmoja. Usiniulize hilo hapa."

"Nitakuuliza mahali pengine, basi. Saa sita."

Simu yake ililia kutoka nje, kwenye kibakuli cha kuwekea vyuma. Ilikuwa ni Mkuu. Mbishi aliipokea mlangoni, suruali mkononi.

"Umeshapata saini?"

"Bado, Mkuu."

"Bado nini? Profesa amenipigia mara mbili. Chukua saini uje."

"Mkuu, hapa kuna mtu aliyepigwa picha ambayo haipo, na picha iliyopo ambayo hakuna aliyeisoma. Nikileta saini nitakuwa nimekuletea karatasi. Acha nikuletee kesi."

"Hiyo ni amri, Mbishi."

"Nimeisikia, Mkuu," alisema, akakata simu, akaenda kuchukua vitu vyake na kufunga mkanda.

Mwalimu alikuwa wodi ya upasuaji, ghorofa ya nne, kitanda cha dirishani. Kesho yake asubuhi alikuwa anapelekwa kuondolewa tezi nzima. Mwanawe, jitu la mabega mapana lililovaa shati la ofisini, lilisimama mara tu lilipoona polisi.

"Ameshakamatwa?"

"Nimekuja kumwuliza mzee swali moja."

"Niulize mimi. Mzee asisumbuliwe. Maelezo yote nimeshatoa."

"Ulikuwepo tarehe kumi na tisa Juni?"

"Nilikuwa safarini. Lakini..."

"Basi kaa chini, mwanangu," Mwalimu alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyamazisha madarasa kwa miaka arobaini, na jitu likakaa. "Uliza, afande."

"Baada ya kuchomwa sindano, ulirudishwa kwenye ile mashine ya sumaku?"

"Nilirudishwa. Sindano tarehe kumi na nne, mashine tarehe kumi na tisa, jioni, watu wameshaondoka. Profesa alinisukuma kwenye kiti yeye mwenyewe. Akasema anataka kujihakikishia."

Mwanawe aligeuka. "Baba, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Tangu niugue, kila anayeingia humu anakuuliza wewe. Nina ugonjwa wa tezi, sina ugonjwa wa ulimi."

Mbishi aliandika tarehe zote mbili, akazipigia mistari miwili chini, akashuka ngazi mbilimbili.

Alipomtajia Daktari tarehe hizo, Daktari alisimama polepole kutoka kwenye kiti alichokikalia tangu alfajiri. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Mbishi, aliyeona watu wengi wakikasirika, alijua hii ni hasira ya mtu aliyeibiwa na sasa kamwona mwizi.

"Siku tano," alisema. "Siku tano baada ya sindano! Unajua kile kibao pale ukutani kinasema nini? Nilikiandika mwenyewe. *Aliyechomwa sindano asipigwe picha kabla ya wiki nane.* Unajua kwa nini?"

"Niambie."

"Sindano huacha damu ndani ya tezi. Na kwenye picha ya kawaida damu hiyo ni nyeusi. Nyeusi kama saratani. Huwezi kuzitofautisha." Alimnyang'anya faili, akainua picha ya mashtaka. "Hiki walichokiona wote, hili doa la kipofu, inawezekana si uvimbe. Ni kidonda cha Profesa mwenyewe."

"Inawezekana?"

"Mashine haipigi picha moja. Kila mtu akilala humo hupigwa picha za aina kadhaa kwa mkao uleule. Kuna moja ambayo saratani haing'ai, lakini damu inang'aa nyeupe. Mimi nilionyeshwa karatasi hii moja tu, na kompyuta nikafungiwa siku ileile malalamiko yalipoingia. Kama walibadilisha tarehe ya picha zote kwa pamoja, hiyo ya damu bado imo humo."

Mbishi alitazama saa. Saa sita kasoro dakika tano.

"Usiifungue," alisema. "Hatutaifungua sisi. Ataifungua Fundi, mbele yao wote, na hakuna atakayesema tumeipika."

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, watu watano, na ukuta mweupe wa kuonyeshea picha. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye nywele za mvi na haraka ya kwenda kula. Profesa aliketi kulia kwake, mrefu, nadhifu, mikono yake mizuri imetulia mezani. Mbishi alikuwa amejiandaa kumchukia. Lakini alipomwona usoni, aliona kitu kilichomtatiza: Profesa hakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa mtu anayeamini yuko sahihi.

"Afande, saini ipo?" Mwenyekiti aliuliza.

"Haipo, mama. Nina maswali matatu, yote kwa Profesa. Tarehe kumi na tisa Juni ulimpeleka Mwalimu kwenye mashine?"

Profesa alimtazama Fundi aliyesimama karibu na mlango, na Fundi akatazama viatu vyake.

"Nilimpeleka," Profesa alisema. "Sioni aibu. Nilitaka kujua kama uvimbe upo. Upo. Ni mkubwa. Uvimbe wa namna ile hauoti kwa miezi minne, kwa hiyo Februari ulikuwepo, na huyu aliuruka. Halafu picha yake ya Februari nikaikuta safi! Ningeamini nini? Nilijua ameichezea. Nilichofanya ni kurudisha ukweli mahali pake."

"Ulimwamuru Fundi aweke picha ya Juni kwa tarehe ya Februari."

"Nilimwamuru asahihishe."

Wajumbe wawili waligeukiana. Mwenyekiti akasahau chakula.

"Swali la pili," Mbishi alisema. "Karatasi uliyotuletea ni picha moja. Ulizitazama nyingine za siku hiyo?"

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini. Sihitaji kutazama picha kumi kuona doa."

"Fundi. Waonyeshe ile ya damu."

Fundi hakusogea. Mbishi hakumhimiza. Kisha yule bwana alivaa miwani yake, akatembea hadi kwenye kompyuta bila kumtazama mtu, akabonyeza. Ukutani ikatokea tezi dume ya Mwalimu, kubwa kama meza. Palipokuwa peusi kwenye karatasi ya mashtaka, sasa palimeremeta weupe, na weupe huo ulikuwa na michirizi iliyonyooka, sita upande huu, sita upande ule.

"Saratani haing'ai hapa," Daktari alisema kutoka nyuma. "Kinachong'aa ni damu. Na saratani haioti kwa mstari, Profesa. Swali la tatu la afande nakuuliza mimi. Ulimchoma sindano ngapi?"

Profesa alisimama. Alikaribia ukuta mpaka mwanga ukamwagika kwenye shati lake, akainua kidole. Midomo yake ilicheza akihesabu. Alipofika mwisho, akarudia kutoka mwanzo. Mara ya pili mkono wake ulishuka kabla hajafika, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Kumi na mbili," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Kesho nilikuwa nakwenda kuitoa yote."

"Ulipata chembe kwenye kinyama kimoja," Daktari alisema. "Ndogo mno kwa picha, na ya aina isiyokatwa bali inafuatiliwa. Uliandika hivyo mwenyewe kwenye majibu ya mwanzo. Doa ndilo lililokubadilisha mawazo."

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu aliingia kwenye kiti cha magurudumu, amevaa nguo za wodi, anasukumwa na mwanawe, na nyuma yao muuguzi akilalamika kwamba mgonjwa wa kesho haruhusiwi kutoka.

"Mimi si mgonjwa wa kesho," Mwalimu alisema. "Tumesikiliza yote mlangoni. Kitanda chenu cha upasuaji sipandi. Mwanangu, sema ulichokuja kusema."

Jitu lilikohoa. "Nafuta malalamiko yangu," lilisema, likimtazama Daktari, kisha sakafu. "Dada, nilikutukana mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu."

Mwenyekiti alikusanya karatasi zake, akazipanga, akazipanga tena. Mambo yamekuwa mazito, alisema. Kamati itahitaji muda. Itakaa tena mwezi ujao, na mpaka hapo, kwa usalama wa kila mtu, chumba cha mashine kibaki kimefungwa.

"Hapana," Daktari alisema.

"Samahani?"

"Nimesema hapana, mama. Nimekaa wiki tatu nikiitwa mwongo. Wanaume saba wana njaa nje pale. Mkitaka kunihukumu mwezi ujao mnajua nilipo." Akageuka, akatoka.

"Afande! Mzuie!"

Mbishi alifunga kijitabu chake. "Kwa kosa gani, mama?" aliuliza, kisha akamgeukia Profesa. "Wewe, tafadhali, usiondoke. Kuna hati nahitaji saini yako."

Korido ilikuwa imejaa. Wanaume saba walikuwa wamesimama wote, na Daktari alikuwa ameshakiondoa kiti mlangoni. Mwalimu alijisukuma mwenyewe kwa mikono miwili kupita katikati yao, akafika mbele ya foleni.

"Nianze mimi," alisema. "Nataka wote waone, leo hii, kwamba nakuamini."

Daktari alimtazama yule mzee aliyemwokoa. Macho yake yalilengwa na machozi, akayafuta kwa mkunjo wa koti, akatazama kibao ukutani na kuhesabu kwa vidole.

"Wewe bado wiki tatu, Mwalimu," alisema. "Rudi zikiisha. Anayefuata ni nani?"